Pembe Iliyolia Siku ya Sabato

Elinaza hakuwa na ugomvi na moto. Ugomvi wake ulikuwa na mume anayeukimbilia. Kila kiangazi, simu ikilia kwamba msitu wa juu ya kijiji cha Suji unaungua, Anaeli alipanda mlima na goti lake bovu kana kwamba kaitiwa harusi. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa zimamoto ya kujitolea, kikosi kikubwa kwa jina, ila ukiwahesabu ni wazee wachache, wote wana wajukuu.

"Nikipata kijana wa kunipokea, naacha, Mama Anold," alimwambia mkewe. Alisema hivyo mwaka juzi, akarudia mwaka jana. Elinaza alimpenda mzee wake na alitaka kuzeeka naye akiwa mzima, basi.

Vijana nao hawakushikika. Eliufoo wa bodaboda aliwahi kumjibu Anaeli bila kumficha: "Shikamoo, mzee. Posho yenu inachelewa miezi, na ikija haifiki hata mafuta ya kunipandisha huko. Buti mnavaa kwa zamu. Mkinipigia nina abiria wa kwenda Same mjini, nimshushe porini?" Anaeli aliitikia marahaba, akaenda zake. Hata Elinaza alimwelewa kijana, maana mkono mtupu haulambwi.

Ikaja Jumamosi moja ya Septemba. Kanisa la Wasabato limejaa, mahubiri yamekolea, mara pembe ikalia mlimani. Tena ile ya msaragambo, inayowaita wanakijiji kwenda kulima barabara au kuzibua mfereji. Kazi, siku ya Sabato. Watu wakatazamana, kisha wakamtazama Elinaza, kwa sababu nafasi ya mumewe kwenye benchi ilikuwa wazi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Waumini wakatoka wamefura, na suti zao na vitenge vyao vya ibada, wakapanda kwenda kumkanya. Walimkuta Anaeli ukingoni mwa msitu, masizi usoni, moshi umetanda nyuma yake. Mtandao wa simu ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na mlio wa kuita watu aliujua huo mmoja tu. Mzee wa kanisa akavua koti. Wakaupiga moto kwa matawi mabichi, wengine wakafyeka nyasi usipate njia, huku Eliufoo akipandisha madumu ya maji kwa pikipiki. Alasiri ukazimika.

Posho ya siku ile ilipofika hatimaye, ikazua balaa. Hakuna aliyetaka kuipokea.

"Tukilipwa itakuwa tulifanya kazi," alisema mzee wa kanisa. "Sisi tulikwenda kuokoa."

Bwana misitu aliyeileta akasema yeye hajui kurudisha fedha, hajawahi kuombwa. Wakabishana mpaka Eliufoo akasimama. "Basi iwekwe iwe ya mafuta. Nikiwa na uhakika wa mafuta, niiteni siku yoyote. Jumamosi nakuja bure." Wenzake wa kijiweni wakasema nao wamo. Anaeli akamkabidhi uongozi palepale, na usiku ule Elinaza alilala fofofo.

Haukupita muda, moto ukawaka tena. Safari hii simu haikulia kwao. Pikipiki zilipita nje ya ua zikielekea juu, na Anaeli akatoka akasimama uani, mikono hajui aiweke wapi. Elinaza alimwona kutoka jikoni. Miaka yote yeye ndiye aliyemlilia mumewe akae nyumbani; leo amekaa, na moyo ukamuuma yeye.

"Upepo wa saa hizi hugeuka ukashukia bondeni," Anaeli alisema, kama anayejisemea. "Sijui kama wanajua."

"Hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza."

Elinaza alifuta mikono kwenye kanga, akachukua simu. "Eliufoo mwanangu, geuza pikipiki uje umchukue mzee, anayo ya kuwaambia. Na ukimwona anapanda kwa miguu, nipigie mimi."