Uzi wa Mashua

Akina mama wa Nyakoe mnaopeleka ndizi ziwani, shikeni watoto mikono. Mwaka wa 1966 nilipanda mashua ya Mzee Odera na binti yangu Nyanchera. Ilikuwa mashua ya zamani: mbao zimeshonwa kwa kamba, hakuna msumari, nyufa zimezibwa kwa nyuzi za mgomba.

Tulipokuwa mbali na nchi kavu, mzigo wetu wa ndizi ulifunguka. Kwetu ukitaka kamba unachuna mgomba. Nyanchera aliona uzi karibu na mguu wake, akauvuta. Maji yakaufuata.

“Mama, mashua inakojoa!”

“Kalia hapo, mtoto!” Mzee Odera akapiga kelele. “Usiinuke!”

Nyanchera akakalia ufa, meno yakigongana. Hakuna kati yetu aliyejua kuogelea. Nikavua kitambaa cha kichwa, nikakishindilia pale chini yake, nikimwita Mungu kwa Kikisii.

“Nyinyi watu wa milimani,” Mzee akasema, akivuta kasia kwa nguvu zote, “mtachuna hata ziwa.”

Tulifika maji yakiwa magotini. Nyanchera alikuwa bado amekunja ngumi. Nilipoifungua, uzi ulikuwamo. Nimeufunga mlangoni kwangu. Hakuna mtoto wa nyumba yangu anayekwenda ziwani kabla hajaushika.