Mpira wa Mkono wa Kushoto

Mrushaji akimwarifu mwamuzi kwamba anabadilisha mkono, kisha mwamuzi asimwarifu mpigaji, kosa ni la nani? Nilisimama katikati ya uwanja wa kriketi nikijiuliza hivyo, huku watu zaidi ya ishirini wakinipigia kelele.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kabla mrushaji hajaanza, mwamuzi humuuliza atatumia mkono upi, kisha humjulisha mpigaji. Mrushaji akibadilisha mkono kimyakimya, mpira wake ni batili, na timu inayopiga huongezewa mbio moja, yaani alama. Nimeisoma kanuni hiyo hadi ukurasa wake umelegea. Haisemi lolote kuhusu mwamuzi aliyezubaa.

Ilikuwa mechi ya wafanyakazi wa hospitali na wale wa kiwanda cha mikate. Kwangu ulikuwa mtihani. Kando ya uwanja, kwenye kiti cha plastiki, aliketi mkaguzi wa waamuzi akiwa na fomu yangu magotini. Nilikuwa nimeshafeli mara mbili, na asubuhi ile alinionya kwa upole unaoudhi kuliko ukali: "Binti, uamuzi mgumu nitakusamehe. Utaratibu sikusamehe." Bila cheti chake nisingeruhusiwa kuchezesha ligi ya vyuo, ambako hakuna msichana aliyekuwa amewahi kuvaa koti jeupe la mwamuzi.

Hospitali ndio waliokuwa wakipiga, na walihitaji mbio tatu washinde. Ilibaki mipira miwili na wiketi moja: mpigaji wao wa mwisho akitolewa, mechi imekwisha. Mrushaji, mwokaji ambaye kidole chake kiliungua kwa trei, alinijia akabandua plasta iliyolowa jasho, akaniwekea kiganjani kana kwamba mimi ni pipa la taka, akanong'ona, "Dada, huu narusha kwa kushoto. Kidole kinaniwaka." Papo hapo wauguzi pembeni wakaanza kuuliza kwa pamoja imebaki mipira mingapi, ingawa nilikuwa nimewaonyesha vidole viwili muda si mrefu. Nikawaonyesha tena. Nikahangaika kutafuta mfuko wa kutilia ile plasta. Mwokaji akakimbia, akarusha, na vijiti alivyovilinda mpigaji huyo, daktari wa meno, vikaanguka.

"Mimi sikuambiwa," daktari alisema bila kubanduka pale aliposimama. "Nilikuwa natazama mkono wa kulia."

"Nilisema," mwokaji akajibu.

"Ulimwambia nani, tanuri?"

Wauguzi wakacheka. Mwokaji hakucheka. Alinitazama tu, akingoja.

"Toka bwana," mdakaji wa nyuma ya vijiti akamwambia daktari. "Kung'oa wenzako umezoea, kung'olewa hutaki."

Mwamuzi wa pili alikuwa Mjomba, fundi cherehani aliyenifundisha mchezo huu tangu utoto. Alinijia taratibu kama mtu anayekwenda kuulizia nguo isiyo yake.

"Alikuambia?"

"Aliniambia. Nikasahau kumwambia daktari."

Alifumba macho kidogo. "Basi hakukuambia. Sema mpira batili, wapate mbio yao moja, tuendelee. Mkaguzi yuko kule, hajasikia kitu."

"Na mwokaji?"

"Kesho ataoka mikate kama kawaida. Nani atachukua neno lake aache la mwamuzi?"

"Au ninyamaze, daktari atoke?"

"Hiyo nayo inakwenda."

"Mjomba, si wewe uliyenifundisha kanuni hizi?"

"Nilikufundisha kanuni, mwanangu. Sikukufundisha kujichongea."

Nilichoka naye, nikachoka na wauguzi, na zaidi ya wote nilichoka na nafsi yangu. Kila njia rahisi ilikuwa inamtafuta mtu mwingine wa kubeba uzembe wangu: mmoja aitwe mwongo, au mwingine atolewe bila kupewa haki yake. Na kelele hazikukoma. Wale waliodai kanuni kwa sauti kubwa kuliko wote, naapa hawakuwa wameusoma mwongozo hata jalada.

Kipo kifungu cha mpigaji aliyevurugwa akijiandaa kupokea mpira. Hapo mpira huhesabiwa kuwa mfu. Nadhani waliokiandika walifikiria mbwa aliyeingia uwanjani au mtu anayepiga mayowe. Lakini anayengoja mkono usiokuja amevurugwa vilevile, na aliyemvuruga ni mimi.

Nikamwita mwokaji, nikamwita daktari, kisha nikampungia mkaguzi asogee. Mjomba akanishika mkono wa koti. Nikautoa polepole. Mkaguzi alifika na fomu yake, kalamu ikiwa tayari.

"Mrushaji aliniarifu kwamba anabadilisha mkono," nikasema. "Mimi sikumwarifu mpigaji. Kosa ni langu peke yangu, na naomba liandikwe hivyo. Mpira ule ni mfu: hakuna wiketi, hakuna mbio, unarushwa upya, na bado imebaki miwili. Daktari, anarusha kwa mkono wa kushoto."