Pole na Kazi

Saa tatu asubuhi Nikodemu, karani wa ofisi ya kata ya Buzebazeba, alikuwa bado anakoroga chai yake. Madaftari ya wakazi yalirundikana sakafuni. Uvivu wake ulijulikana hadi soko la Mwanga, na hata yeye aliutaja kama mtu anavyotaja urefu wake: ndivyo nilivyoumbwa, jamani.

Leonia aliingia na mtoto mgongoni, siku ya nne mfululizo. Mumewe, Selestini, alikamatwa sokoni katika msako wa wakimbizi, kwa sababu askari alisikia Kiha chake, lugha ya hapa, akadhani ni Kirundi cha wakimbizi. Ilitakiwa barua moja tu, yenye muhuri, kuthibitisha kwamba ni mzaliwa wa hapa. Lori la kwenda kambini lingeondoka saa sita mchana huo.

"Shikamoo mzee. Pole na kazi," alisema, kama siku zote.

Nikodemu alitaka kumwambia kwamba daftari bado halijaonekana. Leonia akamwahi.

"Najua kazi zimekuzidi. Watoto wangu wanakuombea kila siku, kwa jina. Husema, Mungu amtie nguvu Mzee Nikodemu, ndiye anayemtafuta baba yetu."

Kijiko kikasimama. Hakuwa amemtafuta mtu yeyote. Aliona aibu, kisha likamjia jambo zito zaidi: mbele za Mungu alikuwapo Nikodemu mwingine, mchapakazi, na watoto wale walimjua huyo tu. Akaogopa kumuua.

Akapiga magoti kwenye vumbi. Alipekua hadi saa tano na nusu, akalipata jina. Lakini muhuri ulikuwa umefungiwa kabatini kwa mtendaji wa kata, na mtendaji alikuwa kwenye semina. Nikodemu akakwapua daftari lenyewe, wakakimbia na Leonia hadi uwanjani walikopakiwa waliokamatwa.

Lori lilikuwa limeshawashwa. Ofisa wa msako aliutazama ukurasa bila kuugusa.

"Hili halina muhuri."

"Lina jina lake, la baba yake na la babu yake, mkuu."

"Orodha yangu imeshasainiwa. Ondoka njiani."

Selestini aliwatazama kutoka juu ya lori. Nikodemu hakuondoka. Akakaa chini mbele ya gurudumu, daftari mapajani.

"Nani mwingine ni wa Buzebazeba?" akauliza kwa sauti. "Tajeni majina. Nitawatafuta mmoja mmoja."

Majina yakaanza kushuka kutoka kwenye lori, mengi kuliko alivyodhani. Akalowesha kidole, akafunua ukurasa wa kwanza.