Koki Niliyoipunguza

Jikoni wananiita Injinia, na ni utani. Nina stashahada ya ufundi mitambo, nina ovaroli yenye mifuko saba, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutoa maganda kwenye koo la mashine.

Mashine yenyewe imefungwa chini ya sinki kubwa la kuoshea vyombo vya hoteli. Ina umbo la chungu chenye mota tumboni. Mabaki ya chakula yanaingia mdomoni, sahani ya chuma inazunguka humo ndani na kuyasaga, kisha maji yanayatelemsha kwenye bomba la taka. Wapishi wanaiita Mlafi. Mama yangu huwaambia majirani kwamba binti yake ni injinia wa hoteli. Habari za Mlafi bado sijamweleza.

Mimi siogopi mashine, naogopa watu. Mashine ikitoa sauti mbaya, unajua ina shida. Mtu akikutolea sauti nzuri, hujui lolote.

Nilikuwa nimebakiza wiki mbili nimalize miezi yangu mitatu ya majaribio pale Mlafi alipoanza kuvuja. Ni matone tu, pale bomba la maji linapoungana na shingo yake. Alihitaji mpira mpya wa kuziba, mdogo kama sarafu, na mipira hiyo iko stoo. Stoo kuna dirisha, na nyuma ya dirisha kuna mtunza stoo, anayekuuliza mbele ya foleni nzima: "Ya nini? Ya wapi? Ile ya juzi uliipeleka wapi?"

Siku ya kwanza niliwapisha watu watano, nikaondoka. Siku ya pili nilimkuta anakula, nikaona si adabu. Siku ya tatu nilifika dirishani kabisa. Akasema, "Sema." Nikamuuliza ni saa ngapi. Akanitajia saa, nikamshukuru, nikarudi jikoni.

Basi nikapunguza koki ya maji mpaka ikabaki robo. Matone yakakoma. Nikaifunga kwa waya asije mtu akaigusa, nikatundika kadi kama tulivyofundishwa chuoni: USIGUSE, tarehe, sahihi. Nilirudi nyuma hatua mbili niitazame vizuri. Ilikuwa kazi safi, nikajipongeza.

Jumatatu, katikati ya chakula cha mchana, Mlafi alikabwa. Mota ilipata moto, ikajizima, maji machafu yakafurika sakafuni. Nilibonyeza kitufe cha kuiwasha upya, ikawaka, nikaondoka kwa mwendo wa mtu anayejua anachofanya. Jumatano ikakabwa tena. Alhamisi ikakabwa mara ya tatu, meneja akiwa amesimama mlangoni na viatu vyake vipya.

Meneja alipokwisha kuondoka, mpishi mkuu, ambaye sote tunamwita Bosi, alimgeukia Shangazi.

Shangazi ndiye mwosha vyombo. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ni wa wote. Ana miaka tisa kwenye sinki lile, na kwa mshahara wa sinki lile anasomesha wajukuu wawili.

"Shangazi, umetumbukiza nini humo?"

"Ninachotumbukiza miaka tisa yote, Bosi."

"Mifupa?"

"Mifupa naweka kwenye ndoo. Ndoo ile pale, nenda kaihesabu."

Wapishi wakacheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Bosi hapendi kuchekwa akiwa amevaa kofia.

"Mara tatu ndani ya wiki moja!" akafoka. "Kesho kwenye kikao cha asubuhi nitakuwa na barua yako mkononi, na hutaipenda. Injinia! Fungua, nitolee hicho alichokitumbukiza."

Nilizima umeme, nikatia kufuli langu kwenye swichi, nikafungua. Nakiri kwamba nilikuwa naomba nikute kijiko. Kijiko kimoja tu, au hata kitambaa, chochote cha kumtia Shangazi hatiani na kunitoa mimi. Nilikuta tope zito la kijivu, limeganda kama saruji. Chakula kilikuwa kimesagwa vizuri kabisa, ila kilikosa maji ya kukisukuma. Nikainua macho. Mbele yangu, kwa mwandiko wangu mzuri, palikuwa na kadi yenye sahihi yangu.

"Umekiona?" Bosi akauliza kutoka kwenye majiko.

"Bado," nikajibu.

Neno moja tu. Na wakati nalitamka, Shangazi alikuwa nyuma yangu, amepiga magoti, anakausha sakafu.

Nilikwenda stoo mbio, nikapita foleni nzima, nikasema, "Mpira wa kuziba, nusu inchi!" Mtunza stoo akanipa. Hakuniuliza hata ni wa nini. Nikaufunga, nikafungua koki mpaka mwisho, Mlafi akanguruma na kumeza kila kitu. Wote wakaamini nimetoa mfupa, nami sikukanusha.

Jioni nyumbani nilisimama mbele ya kioo nikifanya mazoezi. "Bosi, samahani, ni mimi." "Bosi, kuna jambo." "Bosi, habari za kazi."

"Unaongea na nani huko?" Mama akauliza.

"Na kazini."

"Basi ongeza sauti, hawakusikii."

Asubuhi tulikusanyika karibu na majiko, chini ya feni kubwa ya kutolea moshi. Bosi alikuwa na barua. Shangazi alisimama pembeni, mikono ndani ya aproni, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nikanyoosha mkono.

"Injinia, unataka kwenda msalani?"

"Ni mimi," nikasema.

"Nini?"

"Ni mimi niliyepunguza maji."

"Mwasikia kitu nyie? Huyu binti haongei, anapumua. Hebu zimeni hiyo feni!"

Nikavuta pumzi, nikakusanya sauti yote niliyonayo, na mtu akazima feni sekunde hiyo hiyo.

"NI MIMI NILIYEFUNGA MAJI! SHANGAZI HANA KOSA!"

Nadhani walinisikia mpaka mapokezi.

"Kwa nini ufunge maji?" Bosi akauliza, polepole sasa.

"Nilikuwa namwogopa mtunza stoo."

"Alikufanya nini?"

"Aliniambia niseme."

Walicheka mpaka mmoja akashika meza. Bosi peke yake hakucheka. Aliikunja barua ya Shangazi, akaitia mfukoni, akaniambia niende ofisini kwake. Kule nilipewa onyo la maandishi na miezi mitatu mingine ya majaribio. Nikasema asante sana. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kushukuru kwa onyo.

Kisha nikaenda kwenye sinki.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba."

"Nisamehe. Nilijua tangu jana, nikanyamaza."

Alikwangua sahani, akaiweka juu ya nyingine. "Mimi nilijua tangu siku uliyofunga ule waya. Huyu nimeishi naye miaka tisa, nitakosaje kujua akiwa na kiu?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini, mwanangu? Wewe umesoma. Niliona kadi, nikaona na sahihi, nikajua labda siku hizi ndivyo inavyofanywa, maji yanabanwa."

"Hata Bosi alipokuwa anakusema?"

"Hata hapo. Nikawaza, huenda ni mimi ndiye niliyesahau kazi."

Aliyasema bila hasira yoyote. Angenitukana ningestahimili. Machozi yakanitoka, yakaanza kudondokea sinki.

"Usilie humo," akasema. "Hayo ni maji ya kusuuzia. Mwashe huyo."

Nikabonyeza swichi. Mlafi akanguruma. Shangazi akainamisha sikio juu ya sinki, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Unasikia? Ameshiba maji huyo. Akipungukiwa, chini kabisa anakoroma."

Nilisikiliza kwa elimu yangu yote ya miaka mitatu ya chuo.

"Shangazi, mimi nasikia ngurumo tu."

"Inama," akasema, akanisukuma kichwa kwa mkono wenye sabuni. "Inama zaidi."