Injini Iliyokataa Kupoa

Ijumaa saa tatu asubuhi, Shitanda alichutama mbele ya injini mbili katika yadi ya Ooko, muuza injini za mitumba, pale Kariobangi. Akafungua kifuniko cha oili cha ile ya kwanza, akaingiza kidole, akakitoa na kukinusa. Kidole kilirudi na tope jeusi. Alikipangusa kwenye ovaroli, akashika spana na kuanza kuchomoa plagi.

Muindi alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni, akijaribu kusoma uso wa fundi kutoka kisogoni. Injini ya Probox yake ilikufa wiki tatu zilizopita, paipu ya rejeta ilipopasuka jioni naye akaendelea kuendesha bila maji, akisema nyumbani Njiru si mbali. Alikuwa amejilaani kwa uamuzi huo kila siku tangu hapo. Sasa gari lilikuwa gereji kwa Shitanda, boneti juu, tumbo tupu. Jumatatu saa mbili na nusu binti yake Kasiva alitakiwa awe ameketi kwenye chumba cha mtihani wa kitaifa wa gredi ya tisa, upande wa Buruburu, na Kasiva hutumia kiti cha magurudumu. Makanga wa matatu za barabara ya Kangundo wakikiona kile kiti huanza ghafla kuangalia mawingu. Mara mbili Muindi alimbeba mgongoni mpaka stejini, na mara ya pili mgongo ukamkatalia. Tangu siku hiyo mtoto alisomea nyumbani, akiuliza kila jioni kama gari limepona.

"Hii imechoka," Shitanda alisema hatimaye. "Silinda ya tatu haina pumzi. Tukiifunga leo, Krismasi tutakuwa hapa tena."

Akahamia ya pili. Oili yake ilikuwa rangi ya asali. Plagi zilikuwa kavu, kahawia, zote nne sawasawa. Akatia spana kwenye boliti ya mbele na kuizungusha polepole kwa mkono, sikio karibu, nayo ikapumua vizuri, mara nne, bila kukwaruza. Hakukuwa na ufa wala alama ya kuchomelewa. Muindi akaanza kupumua na yeye.

Kisha Shitanda akavua pete ya ndoa, akaitia mfukoni, na kuweka kiganja juu ya chuma. Alikiacha hapo kwa muda wa mtu kusali Baba Yetu.

"Hii ni moto," alisema.

"Ni jua tu, buda," Ooko alisema kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. "Imeanikwa hapo tangu jana."

Jua halikuwa limeonekana tangu juzi. Ooko mwenyewe alikuwa amevaa jaketi mbili.

Jambo hili hakuna asiyelijua Kariobangi. Injini hupoa pale mwenye gari anapoacha kuingoja. Mtu akiuza gari lake ili anunue shamba, injini huwa baridi kabla hata hajavuka barabara. Zile zilizotoka Japani kwa kontena huwa baridi kama sakafu ya benki, kwa sababu watu wa huko, Ooko hueleza, hununua jingine na kusahau. Lakini gari ambalo mtu alinyang'anywa, injini yake hubaki na joto muda wote ambao yeye, au watu wa nyumba yake, wanaendelea kuingoja. Unaweza kuiosha kwa petroli, ukaipaka rangi ya fedha, ukaibandika karatasi ya Kijapani. Haipoi. Kati ya injini arobaini za Ooko, kumi na moja zilikuwa za moto. Alizipanga ukutani na kuzifunika magunia yaliyoloweshwa, na paka wake alikuwa amezalia juu ya mojawapo.

Wala si kasoro. Injini ya moto haisumbui asubuhi. Mafundi wengi hufunga, hufuta mikono na kwenda kula. Shitanda peke yake ndiye alikuwa na masharti: hafungi injini ya moto kabla mnunuzi hajaonana na anayeingoja. Wakishaonana, yeye hana neno, waelewane wenyewe. Wenzake walimcheka, na wateja wengine walimkimbia.

"Kazi yangu ni kukagua," alisema. "Na huo nao ni ukaguzi."

"Si tungefunga kwanza, hayo mengine tufanye Jumanne?" Muindi aliuliza.

"Hapana."

"Ooko, hakuna nyingine baridi?"

"Kontena inaingia Alhamisi ijayo," Ooko alisema. "Ama Ijumaa."

Basi wakaipakia kwenye pikapu ya Shitanda. Muindi alikaa nyuma, mkono juu ya injini, mgongo ukimuuma. Kumtafuta anayeingoja hakuhitaji ufundi: injini ikizidi joto unamkaribia, endelea; ikipungua geuza. Walijaribu kwanza kuelekea Mathare, ikapoa kidogo, Muindi akagonga paa la pikapu na Shitanda akageuza. Walipoingia barabara ya Kangundo ikaanza kupanda. Kila walipopita steji Muindi alitamani ipoe, ipotee kabisa, Shitanda akate tamaa warudi. Kupita Komarock hakuweza tena kuweka mkono. Karibu na Saika walisimama kuimwagia maji, nayo yakachemka kabla hayajafika chini.

Iliwaelekeza kwenye geti la kijani la ghorofa lililo kando ya barabara. Mwanamke mmoja alikuwa barazani akichagua maharagwe kwenye uteo. Alikuwa ameshainua kichwa kabla pikapu haijasimama. Akaja akijipangusa mikono, akawasalimu, akasema anaitwa Amondi, kisha akalaza kiganja juu ya injini ambayo wanaume wawili walikuwa wakiikwepa. Haikumuunguza.

"Ni ya Otiende," alisema.

Otiende alikuwa mume wake, dereva wa teksi. Mwezi wa pili, saa moja ya jioni, mteja alimpigia simu amchukue huko mbele. Otiende akiondoka alisema chakula kifunikwe. Tangu usiku huo hapakuonekana mtu wala gari. Kwenye kituo cha polisi walimwandikia Amondi nambari ya OB, kitabu chao cha matukio, kwenye kipande cha karatasi na kumwambia arudi akisikia lolote. Alirudi mara kumi na nne kuwauliza kama wao wamesikia. Mara ya mwisho askari wa mezani alimshauri kwa upole aache namba yake ya simu apumzike.

Aliingia ndani akarudi na nakala ya logibuku ya gari. Shitanda akasugua kwa kitambaa rangi ya fedha iliyofunika namba ya injini, wakaisoma pamoja. Tarakimu zote zililingana isipokuwa ya mwisho, tatu iliyopigwa patasi ikawa nane.

"Na yeye?" Amondi aliuliza.

"Mama, tumepata injini tu," Muindi alisema.

"Naona. Nimeuliza tu."

Akaleta sufuria ya maharagwe na kuiweka juu ya injini, kwa kuwa makaa yalikuwa machache na joto lile lilikuwa linapotea bure. Akawapa stuli. Wakakaa watatu kando ya pikapu wakiangalia maji yakianza kutokota.

"Mmeitoa wapi?"

Shitanda akakaza macho kwenye maharagwe. Kazi yake iliishia getini. Hilo lilikuwa swali la mnunuzi.

Muindi aliona jibu lake litakapofika. Akitaja yadi ya Ooko, mama huyu atajifunga kitambaa sasa hivi na kwenda kituoni na nambari yake ya OB, na safari hii atakuwa na kitu cha kuwaambia. Ooko angebanwa aseme aliletewa na nani. Huyo naye angebanwa, mpaka mwisho wa uzi labda pangekuwa na Otiende, au mahali alipoachwa. Lakini injini ingekuwa kielelezo. Ingewekwa nyuma ya kituo kwenye nyasi, mpaka kesi iishe, na Jumatatu isingeisubiri. Aliona aibu, na aibu haikumzuia.

"Kwa broka," alisema. "Mtu wa simu tu. Na namba yake haiingii tena."

Amondi akakoroga maharagwe.

"Basi unaitaka ya nini?"

Hapo Muindi alimweleza habari za Kasiva: kiti, makanga, mgongo, mtihani. Yote hayo yalikuwa kweli.

"Ichukue," Amondi alisema. "Kwangu itanipikia maharagwe tu. Lakini baba Kasiva, mimi sitakudanganya. Siwezi kuacha kungoja. Haitapoa."

"Sikuombi uache, mama."

Maharagwe yalipoiva akawapakulia. Muindi alikula yote kwa sababu hakujua namna ya kukataa.

Wakati wa kurudi Muindi alikaa mbele, na walipofika Komarock Shitanda akamgeukia.

"Nilijua utasema hivyo," alisema.

"Sasa mbona wewe hukusema?"

"Si gari langu."

Ilifungwa Jumamosi, ikamalizwa Jumapili baada ya ibada. Iliwaka ufunguo ulipozungushwa mara ya kwanza. Shitanda alisikiliza kwa bisibisi ndefu aliyoiweka sikioni, akasema hajaona mashine safi kama ile mwaka huu.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu Muindi alimbeba Kasiva mpaka kiti cha nyuma, akakunja kile cha magurudumu, wakatoka Njiru. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulianza kupanda kabla hawajaona Saika. Akafungua madirisha yote. Akawasha hita ili joto litokee ndani, na Kasiva akaanza kujipepea kwa karatasi za marudio bila kuuliza. Mbele ya geti la kijani mshale ulikuwa umepita alama nyekundu. Muindi akaegesha na kuzima kabla hajaua injini ya pili mwaka huo huo. Mvuke ukapanda. Ilikuwa saa moja na dakika tano.

Akangoja. Mshale haukusogea. Aliwasha, akazima, akatoka, akaingia. Alisimamisha bodaboda mbili. Zilitazama kiti zikaondoka. Jasho lilimtiririka mpaka viatuni.

Amondi alitoka akiwa amejifunga leso. Akainama kwenye dirisha la nyuma.

"Wewe ndiye Kasiva?"

"Ndiyo, mama."

"Mtihani ni saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

Amondi akaangalia ule mshale, akamwangalia Muindi, akaangalia barabara.

"Ngojeni hapo," alisema.

Akakaza leso, akawapa mgongo na kuingia ndani ya mtaa, akielekea upande wa mtoni. Hakukimbia, alitembea tu kama mtu aliyetumwa dukani. Alipofika kwenye kibanda cha kusaga unga, mshale uliachana na nyekundu. Alipopinda kona ya kanisa la mabati, ulikuwa katikati. Muindi akawasha, wakaenda. Kasiva aliketi kwenye dawati lake saa mbili na dakika tano, akawa na muda wa kuchonga penseli zote.

Siku hizi Kasiva yuko gredi ya kumi, upande ule ule, barabara ile ile. Gari halijawahi kukataa kuwaka. Yadi ya Ooko ipo palepale, magunia yanaloweshwa kila asubuhi, na Muindi akienda gereji kubadilisha oili hupita mbele yake bila kugeuza shingo.

Kila siku ya shule, kabla ya kutoka Njiru, humpigia Amondi simu.

"Mama, tunatoka."

"Sawa. Wacha nivae viatu," Amondi husema, kisha kabla ya kukata huuliza: "Na ile namba ya broka, haijaingia?"

"Bado, mama."

"Basi sawa."

Amondi hufunga mlango, huelekea mtoni, na hutembea mpaka gari lao lipite.