Siku Santuri Ilipokwama Shangazi Akiwa Hewani

Vijana wananiambia video za muziki zilibuniwa na wataalamu. Wataalamu wa nini? Zilibuniwa na mkwaruzo wa santuri. Nilikuwepo, nyuma ya ngoma zilizojazwa vipande vya godoro zisitoe sauti.

Ndivyo runinga ilivyokuwa enzi hizo. Ukialikwa, unapigiwa santuri yako mwenyewe, nawe unachezesha midomo. Tarumbeta limezibwa kwa soksi. Shangazi yangu, mwenye koo la kutikisa mabati, aliomba jambo moja miaka sita mfululizo: aimbe hewani kwa sauti yake, hata mara moja. Mkuu wa studio, tuliyembandika jina la Bwana Kimya, alikuwa na jibu lake.

"Dada, sauti yako tunayo kabatini. Wewe lete sura tu."

Kanuni ilibandikwa ukutani: MDOMO UFUATE SANTURI. Jumamosi moja mchana, tukiwa hewani, shangazi anaomba apewe moyo, sindano ikanasa. "Nipe mo... nipe mo... nipe mo..." Ungefanyaje wewe? Shangazi alikuwa mtu wa nidhamu. Akafuata. Nipe mo, mkono juu. Nipe mo, mkono juu tena. Nami nikapiga godoro pigo lilelile. Mpiga tarumbeta akavimba mashavu na kunywea kama chura. Fundi wa santuri alikuwa msalani, ufunguo wa chumba chake mfukoni. Dakika kumi na moja!

Tulidhani tumeumbuka. Kumbe! Barua zikaja kwa magunia. Bwana Kimya akataka tukwame kila wiki, mpaka shingo ya shangazi ikakataa kugeuka. Basi wakatupiga filamu tukikwama: ngazini, juu ya paa, ndani ya bafu lisilo na maji. Wakawa wanaonyesha filamu, sisi hatuitwi tena. Waimbaji wengine nao wakaleta filamu zao, kila mmoja na bafu lake. Hiyo ndiyo historia, andikeni.

Ukumbini sasa, shangazi akiimba wimbo hadi mwisho, watu wanazomea.

"Mwongo huyu! Wa kwenye runinga anakwama!"

"Jamani, si ndiye mimi!"

"Basi kwama tuone!"

Akafunga kanga, akanishika mkono, tukaenda studio. Bwana Kimya hakubisha hata kidogo, nami mjinga sikushtuka.

"Sawa, dada. Imba, tunapiga filamu."

Akaimba beti mpya alizotunga njiani: za wezi wa sauti, za Bwana Kimya na nywele zake za bandia, na za baba mtu aliyemlea hivyo. Hakutukana, angetukana ingekuwa afadhali. Vioo vilitetema. Mpiga kamera alilia waziwazi.

"Mwanangu," aliniambia tukitoka, "sasa hata nikifa, watakuwa wamenisikia."

Jumamosi ukoo mzima ulijazana mbele ya runinga. Akatokea shangazi, mishipa ya shingo imesimama, kidole kinachoma hewa. Na sauti? "Nipe mo... nipe mo..." laini kama pamba. Walikuwa wamembandika santuri! Shemeji akapiga makofi, eti shangazi mwaka huu kapendeza. Nikatafuta kiatu nimrushie.

Shangazi alikuwa bado anakitazama kioo kilichozimwa, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Fundi viatu wa jirani, kiziwi tangu utotoni, asomaye midomo kama nyie msomavyo gazeti, alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, amejishika mbavu, machozi ya kicheko yanamtiririka. Akatusimulia kwa mikono ubeti mmoja mmoja aliousoma kwenye runinga yake, akikunja uso kama Bwana Kimya. Kufika kwenye nywele za bandia akaketi chini kabisa. Kisha akamnyooshea shangazi kidole: tena.

Shangazi akasogeza pazia, akasimama mwanga umpige usoni, akamwimbia wimbo wote.