Mzigo wa Mkwe Haufunguliwi

Tusimwonee mtu: Raymundi Luhende hakuwa mla rushwa. Ukimpelekea kuku alikurudisha naye nyumbani, tena kwa maneno. Alikuwa karani wa forodha kwenye banda la mizigo pale stesheni ya Tabora, enzi za Mwingereza. Serikali iliamua kuwapendelea majirani: kitu kilichotengenezwa na wenyeji wa Urundi kwa mikono yao kinaingia bila ushuru, lakini cha Ulaya au Japani, hata kama kimepitia huko huko Urundi, kinalipiwa. Kwa hiyo Raymundi alikunjua kila mkeka ulioshuka kwenye treni ya Kigoma, ahakikishe ndani hamna kilichofichwa, ndipo apige muhuri. Wanawake wachuuzi walimchoka. Minza, mjane wa Igalula, alikunjuliwa mikeka yake yote juani kila safari, naye anasubiri.

Sasa lipo jambo moja, na hapo ndipo karani wetu mkali alipokwama. Mama Pelagia naye alikuwa mchuuzi wa mikeka, na Mama Pelagia alikuwa mama mkwe wake. Kwa Wanyamwezi, mkwe hatazamwi usoni. Tangu amwoe Apolinaria, miaka sita, Raymundi hajawahi kusimama mbele ya mama yule; wakikutana kwenye njia ya Chemchem mmoja alijitupa porini, na kama lipo la kuambiana lilipitia kwa mtu mwingine. Jina la mkwewe mama yule hakulitamka hata siku moja. Haya, mtu wa namna hiyo utamfungulia mzigo, uzipekue nguo zake, watu wakiona? Uso umeumbwa na haya. Raymundi alikuwa akigeukia ukutani, anapiga muhuri kwa kupapasa.

Safari ya kwanza ilikuwa heshima, wala simlaumu. Ya pili aliusogeza mzigo kwa mguu, akaona ni mzito kuliko mikeka inavyokuwa. Akajua. Akapiga muhuri hivyo hivyo, akaenda kwake, na chakula kikamshinda.

Safari ya tatu alikuwapo bwana forodha, Mzungu mgeni ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha salamu tu. Akavuta mkeka mmoja kwenye rundo lililokwisha pigwa muhuri, akaukung'uta, na jora zima la kitambaa cha Japani likaanguka miguuni pake. Akauliza mzigo ule ni wa nani. Wachuuzi waliobaki bandani walikuwa wawili tu, Minza na Mama Pelagia. Raymundi akamwonyesha Minza kwa kidevu.

"Karani," Minza akasema, "yangu si umeikunjua yote asubuhi hii, mmoja mmoja?"

Raymundi akanyamaza. Ee, alinyamaza, na mimi ninayesimulia naona aibu kwa niaba yake. Bwana akaamuru mikeka yote ya Minza ishikwe, na mwenyewe apelekwe bomani. Ilikuwa ndiyo riziki yake yote, na watoto wanne wanamngoja Igalula. Minza hakulia. Alimkazia macho karani tu, na karani akatamani ardhi ipasuke immeze.

Ndipo Mama Pelagia aliponyanyuka. Akavuka banda moja kwa moja hadi alipo mkwewe. Raymundi, kwa mazoea, akageukia ukuta.

"Raymundi," mama akamwita kwa jina. Wapagazi wakaacha kazi. "Geuka unitazame."

Akageuka. Mama yule alikuwa na macho ya Apolinaria kabisa.

"Mzigo ni wangu. Nilijua hutaufungua, ndiyo maana nikaujaza. Nimeuza ukwe wetu kwa kitambaa. Lakini sikumtuma mtu amtwike mwenzangu mzigo wangu. Mwambie bwana."

Bwana akauliza mama anasema nini. Mkalimani mle bandani alikuwa mmoja, Raymundi mwenyewe. Angeweza kusema lolote, na asingejua mtu ila yeye na Mungu wake. Akavua kofia ya kazi, macho bado yako usoni mwa mkwewe, akatafsiri neno kwa neno. Halafu akaongeza la kwake, kwamba yeye alijua tangu safari ya pili.

Minza akaachiliwa, akakusanya mikeka yake, akawapita wote wawili bila kuwaaga.